UZI: Programu yetu ya bure ya waifai ya chuo imeenea, wa kuihudumia tumebaki wawili. Tufanyeje?

#1 PaketiMojaMoja (Kisumu)

Hamjambo wadau. Andiko ni refu, mwenye haraka aende moja kwa moja aya ya mwisho.

Niko kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja huku magharibi, sitakitaja. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika programu ya kusimamia waifai ya wanafunzi. Imekaa juu ya FreeRADIUS, serva inayohakiki nani aingie mtandaoni, na hifadhidata ya MariaDB. Inavuta majina kutoka kwa msajili, inamtolea mgeni vocha, inapima nani ametumia data kiasi gani, na inampunguzia kasi anayeshusha filamu usiku kucha huku wenzake wakishindwa kufungua fomu ya mkopo wa HELB. Tuliiandika kwa sababu bajeti ya kununua haikuwepo. Ilipotulia tukaiweka hadharani kwa leseni huria ya GPL, anayetaka achukue.

Wakachukua kweli. Vyuo vya ufundi, shule za bweni, hospitali moja ya misheni, hata mwenye saiba mtaani. Sasa tulioiandika tumebaki wawili, na hakuna barua ya kazi inayosema tuihudumie. Barua inasema tushughulikie printa za ofisi ya fedha, projekta za kumbi, swichi zilizopigwa radi na kebo zilizotafunwa na panya. Programu tunaigusa jioni, wengine wakishaenda nyumbani.

Simu haziishi. "Bosi, sistimu imelala." Unauliza ni toleo gani, unajibiwa "ile ya juzi". Unaomba logi, unaletewa picha ya skrini iliyopigwa mshazari, nusu yake kidole. Mmoja alinipigia ibada ikiendelea akiuliza mbona sijamtengenezea sehemu ya kulipia vocha kwa M-Pesa kama nilivyoahidi. Sikuahidi popote.

Mkuu wetu ametuambia tuchague: tuitoze ada, au tuifunge na watu wa nje wajitegemee. Nyinyi mngefanyaje?

#2 Hesabu_Safi (Eldoret)

Toza, ndugu. Taasisi inayobadilisha gari la mkuu kila mara haiwezi kushindwa na ada ya programu. Cha bure hakina heshima.

#3 Mzee_wa_Njoro (Nakuru)

Hesabu, polepole. Njia hiyo kuna waliowahi kuipita.

Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kilitoa Gopher, programu ya kutafuta habari mtandaoni kwa kufuata menyu. Timu ilikuwa ndogo, ikiongozwa na Mark McCahill. Ikaenea haraka, na kwa muda iliizidi wavuti. Timu ikalemewa, chuo kikaona kinaihudumia dunia nzima kwa mfuko wake, na mwaka 1993 kikatangaza kwamba baadhi ya wenye serva watalipia leseni. Watu hawakusubiri kujua ni nani hasa atalipa. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN, kituo cha utafiti cha Ulaya ilikobuniwa wavuti, wakatangaza kwamba wavuti ni ya kila mtu, bila malipo. Sisemi ada peke yake ndiyo iliyoizika Gopher, maana wavuti nayo ilikuwa na mvuto wake. Lakini aliyekuwa anasitasita alipata sababu ya kuhama. Minnesota walikuja kuiachia chini ya GPL mwaka 2000, wateja wameshaondoka zamani.

Sasa sikia upande wa pili. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, 1981. Wanafunzi walikuwa na nafasi finyu mno kwenye kompyuta kubwa ya chuo, ikabidi kutafuta jinsi ya kuhamishia faili zao kwenye diski za kompyuta ndogo. Frank da Cruz na Bill Catchings wakabuni itifaki ya Kermit, yaani kanuni za kompyuta kupelekeana faili. Waliieleza wazi, watu wa kujitolea kila mahali wakaiandikia mashine zao, zikawa mamia. Mtumiaji wa kawaida alichukua bure. Kampuni iliyotaka kuiuza ndani ya bidhaa yake ndiyo iliyolipa leseni, na baadaye wakawa na toleo la Windows la kuuzwa. Ofisi ile ndogo ilidumu hivyo hadi 2011, Columbia ilipojiondoa na msimbo ukaachiwa leseni huria. Miaka thelathini! Mifumo mingapi ya kaunti zetu imefikisha hata mitano?

#4 Hesabu_Safi (Eldoret)

Mzee, umetupa lekcha kamili. Ila wa Kermit si walitoza? Basi tuko pamoja.

#5 Mzee_wa_Njoro (Nakuru)

Walimtoza anayefanya nayo biashara, na leseni yao iliwaruhusu. Hawa vijana wameshaweka GPL. Ukimuuzia wa kwanza, ana haki ya kumpa wa pili bure, na wa pili ampe wa tatu. Wanachoweza kuuza ni muda wao tu: kwenda kufunga, kufundisha, kupokea simu. Programu yenyewe imeshatoka mkononi.

#6 NyarSeme (Kisumu)

Mimi naitumia hiyo programu, nimeitambua kwa maelezo tu. Kabla hatujafika kwenye pesa, PaketiMojaMoja, naomba uniambie: hizo simu zinalalamikia nini hasa? Kwa sababu kwetu lilikuwa jambo moja, lilelile kila wiki.

Mwanafunzi akiingia kwenye waifai, ruta hutuma ujumbe kwa serva, kwenye mlango (port) namba 1813, kwamba kipindi chake kimeanza. Akitoka, hutuma mwingine kwamba kimekwisha. Stima ikipotea ghafla, ule wa pili hautumwi kamwe. Kwenye hifadhidata kijana bado yuko hewani. Stima ikirudi anajaribu kuingia, serva inamwambia una kifaa kingine tayari, na sisi tumeruhusu kimoja kwa kila mtu. Hosteli nzima inafungiwa nje kwa mpigo. Mtu wa TEHAMA anainua simu: "Programu yenu imeharibika." Haijaharibika. Hiyo ni stima.

#7 Lurambi_Juu (Kakamega)

Na hujafika kwetu, dada. Msimu wa mvua, alasiri ikifika unajua radi iko njiani, na huwa haibishi hodi.

Niongeze ugonjwa wa pili. Ruta nyingi ndogo za MikroTik hazina betri ya saa. Ikizimika na kuwaka, inaamka ikiamini ni Januari 1970, hadi ipate saa kutoka kwa serva ya NTP, itifaki ya kusawazisha saa za kompyuta. Kama faiba ya nje imekatwa na greda la barabara, na hilo hutokea sana stima inaposumbua, saa haipatikani. Logi za asubuhi hiyo zinasoma tarehe ya kabla sijazaliwa, na kazi zote zilizopangwa kwa saa kwenye ruta zinaparaganyika. Sisi tuliweka NTP ndani ya kampasi, kwenye serva yenye UPS (betri ya akiba), ruta zote zikaulize hapo. Ugonjwa ukaisha.

Mwongozo wa programu hauna hata mstari mmoja kuhusu hilo. Silaumu, nasema tu kwamba mstari huo ungepunguza simu nyingi.

#8 Mzee_wa_Njoro (Nakuru)

Maadamu umeitaja NTP: hiyo nayo ni kazi ya chuo. David Mills alianza kuiendeleza miaka ya themanini na kuitunza miaka mingi akiwa Chuo Kikuu cha Delaware, huku macho yakimpotea. Alifariki Januari 2024. Saa za benki, za minara ya simu, zote zimepitia mikono ya watu wachache namna hiyo. Haya, endeleeni.

#9 PaketiMojaMoja (Kisumu)

NyarSeme, umegonga penyewe. Nimekaa jioni hii nikapitia jumbe za muhula mzima. Ukiondoa vipindi vilivyokwama na saa za 1970, kinachobaki ni watu wa M-Pesa na wale waliosahau paswadi ya msimamizi. Karibu hakuna ripoti inayohusu msimbo wenyewe!

Kwa hiyo kuna kazi ya kufanya upande wetu. Ruta inaweza kuambiwa itume habari za kati, kwamba kipindi bado kinaendelea, kila baada ya muda, na programu ikifunge kipindi chochote kilichonyamaza kupita kiasi. Tena ruta nyingi zikiamka hutuma ujumbe wa kusema "nimeanza upya"; ukiupokea unafunga vipindi vyote vya ruta hiyo kwa mara moja. Si zote zinazoutuma, ndiyo maana njia zote mbili zinahitajika.

#10 BungomaKwetu (Bungoma)

Naomba kuuliza kwa heshima. Sisi tunaotumia tumeonekana wasumbufu sana kwenye uzi huu. Chuo chetu kina mtu mmoja wa kompyuta, ambaye ni mimi, na sijui kuandika msimbo. Nisipowapigia nyinyi nimpigie nani? Kuna siku naibu mkuu alisimama mlangoni kwangu na simu mkononi akiniuliza waifai itarudi saa ngapi. Hapo utasoma mwongozo kweli?

#11 Mzee_wa_Njoro (Nakuru)

Swali zuri, kijana wangu, na lina jibu.

Zile grafu za kijani na buluu za kupima laini, MRTG, ziliandikwa na Tobias Oetiker akiwa chuo kimoja cha Uingereza. Laini yao ya nje ilikuwa ya kilobiti 64 tu, na kila mtu alitaka kujua imejaa kiasi gani. Alitoa toleo la kwanza mwaka 1995, kisha akahamia kazi nyingine Uswisi na kukosa muda wa kuishughulikia. Januari 1996 akaandikiwa na Dave Rand, ambaye hata hawakuwa wakijuana, akimuuliza mbona programu ni nzito hivi. Barua ilikuja na sehemu nzito yenyewe ikiwa imeandikwa upya kwa lugha ya C, nyepesi mara nyingi zaidi. Mradi ukafufuka.

Najua utasema huandiki C. Sawa. Lakini Lurambi ametupa dawa ya saa hapa bila kuandika msimbo wowote. Hiyo ni aya moja ya mwongozo. Wewe una chuo chenye stima inayopotea, hiyo ni maabara ambayo wenye programu hawana. Ukiambiwa toleo jipya liko tayari, lijaribu, kisha andika kilichotokea, na ruta ya aina gani. Mchango huo ni mkubwa kuliko ada ya Hesabu.

#12 Hesabu_Safi (Eldoret)

Mzee mbona ada yangu inasimangwa 😂

Lakini niwaulize: kujitolea kutafika wapi? OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano inayolinda nusu ya dunia, mwaka 2014 ilipopatikana na lile shimo la usalama la Heartbleed, ilijulikana kwamba michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka na mtu wa kazi ya kutwa ni mmoja. Kampuni zenye mabilioni zilikuwa zinaitumia bure. Walikuja na pesa baada ya aibu. Mnataka kungoja aibu?

#13 PaketiMojaMoja (Kisumu)

Sikatai pesa, kaka. Ila kwenye taasisi ya umma pesa ikiingia akaunti kuu huioni tena. Tulishawahi kufundisha watu wa nje kwa ada ndogo. Ada ikaingia kapu la jumla, na sisi tukaendelea kuomba kebo ya mita kumi kwa memo tatu. Nikitoza leo, nitakuwa nimenunua wajibu wa kuhudumia bila kupata mtu wa tatu wa kuhudumia naye. Aliyelipa atanipigia kwa sauti kubwa zaidi.

#14 DadaKebo (Nakuru)

Nimesoma kimya tangu juzi. Niseme mawili yanayonitia wasiwasi kuliko ada.

La kwanza, "kuifunga na kila mtu ajitegemee" si jambo jepesi kwa programu inayoshika maneno ya siri. RADIUS, ambayo FreeRADIUS yenu inaitumia, ni itifaki ya 1991, ilianzia Livingston Enterprises kwa mahitaji ya Merit, mtandao wa vyuo vya Michigan, na bado ndani yake kuna MD5, mbinu ya zamani ya kuhakiki ujumbe ambayo imeshavunjwa. Julai 2024 watafiti walionyesha shambulio waliloliita Blast-RADIUS: mtu aliyekaa kati ya ruta na serva anaweza kugeuza jibu la "kataa" likawa "ruhusu". Wanaotumia EAP (njia nyingine ya kuhakiki anayeingia), kama eduroam, ile waifai ya pamoja ya vyuo vingi duniani, hawakuguswa, kwa kuwa humo kila ujumbe lazima uje na muhuri wa uhakiki. Vocha za ukurasa wa kuingilia hazina lazima hiyo. FreeRADIUS walitoa marekebisho, watengenezaji wa ruta nao wakafuata. Lakini mwenye saiba aliyefunga programu yenu na kuisahau ataambiwa na nani? Mkiondoka, ondokeni kwa tangazo: tarehe ya mwisho iwe juu kabisa ya ukurasa, na njia ya kuhamia ielezwe.

La pili, hizo picha za skrini mnazotumiana WhatsApp. Zina majina ya wanafunzi, namba za usajili, namba za simu, wakati mwingine na kurasa walizotembelea. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Siku mzazi akiliona jina la mwanawe kwenye simu ya mtu wa chuo kingine, hakuna atakayejali kwamba ulikuwa unasaidia bure. Andikeni kijiprogramu cha kukusanya toleo, aina ya ruta na logi huku kikifuta majina. Mnapata ripoti safi, na ile mishazari inaisha.

Na swali dogo: kwa nini wanafunzi wenu hawatumii eduroam? KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za elimu Kenya, ndio wanaoiendesha hapa nchini. Mwanafunzi wa chuo kimoja akifika kingine chenye eduroam simu inashika yenyewe. Programu yenu ingebaki na wageni na vocha tu. Nusu ya msimbo mngeufuta.

#15 NyarSeme (Kisumu)

Da Kebo, hilo ni sawa kwa vyuo vilivyo wanachama wa KENET. Shule ya bweni ya Seme na mwenye saiba hawamo. Ndio hao wanaoipenda hii programu.

#16 DadaKebo (Nakuru)

Kweli. Lakini chuo chao kimo, na chuo chao ndicho kinachowalipa mshahara. Waanze hapo.

#17 Lurambi_Juu (Kakamega)

Mkitafuta wa tatu wa kusaidia, msimpe funguo za msimbo yeyote anayekuja na maneno matamu. Mnakumbuka xz, programu ya kubana faili, Machi 2024. Mtunzaji alikuwa mmoja, amechoka, watu wasiojulikana wakimsukuma kwenye barua pepe aongeze msaidizi. Msaidizi akapatikana, akafanya kazi nzuri muda mrefu, kumbe alikuwa anatengeneza mlango wa nyuma. Andres Freund aliugundua kwa sababu SSH yake, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, ilichelewa kama nusu sekunde. Anzeni na watu mnaowajua kwa sura. Hapa magharibi tunajuana, Kisumu hadi Kakamega ni matatu moja.

#18 PaketiMojaMoja (Kisumu)

Nimekaa na mwenzangu, tumeongea na mkuu. Amekubali kwa masharti yake, nasi kwa yetu.

Hatutozi, wala hatufungi. Tunapunguza. Kuanzia toleo lijalo tutasimama na mfumo endeshi wa Debian 12 na FreeRADIUS inayokuja nayo, basi. Aliyeifunga kwenye Windows kwa XAMPP, Mungu amsaidie. Sehemu ya wanafunzi wetu inahamia eduroam kama DadaKebo alivyosema, na mkuu alifurahi kwa kuwa haihitaji pesa mpya. Vocha zinabaki. M-Pesa hatuandiki, anayeihitaji atafute mwandishi, tutaipokea ikija na majaribio yake na mtu wa kuitunza, jina lake likiwa pale juu.

Simu nazo zimekwisha. Namba yangu imeondolewa kwenye mwongozo. Ripoti zitakuja kwenye ukurasa wa kasoro, pamoja na faili la kile kijiprogramu cha kufuta majina, ambacho mwenzangu ameshakianza. Alhamisi mchana ndio muda tuliopewa rasmi, ndani ya saa za kazi. Ni mchana mmoja, lakini umeandikwa. Kwangu hilo ni kubwa kuliko ada.

Aya ya NTP ya Lurambi imeingia kwenye mwongozo kama alivyoiandika. NyarSeme amekubali kujaribu kila toleo kabla halijatoka. Namtafuta wa pili mwenye stima mbaya.

#19 Hesabu_Safi (Eldoret)

Mchana mmoja kwa wiki, kwa programu inayotumika kaunti kadhaa. Haya. Bado nasema mtarudi kwenye hoja yangu ya ada.

#20 PaketiMojaMoja (Kisumu)

Huenda. Ukipata njia ya pesa kufika kwa kazi yenyewe bila kupitia kapu, fungua uzi, nitakuwa wa kwanza kuchangia.

#21 BungomaKwetu (Bungoma)

Wa pili mwenye stima mbaya nipo. Nimefunga toleo la majaribio kwenye kompyuta ya kando, na ruta moja ya maktaba. Swali: zile habari za kati niweke kila baada ya muda gani? Nimeweka dakika moja, hifadhidata inahema.

#22 Lurambi_Juu (Kakamega)

Dakika moja ni ndogo mno, ndugu. Kanuni yenyewe, hati ya viwango vya intaneti RFC 2869 ya mwaka 2000, inakataza kushuka chini ya sekunde 60 na inashauri usishuke chini ya 600. Weka 600. Kisha kipindi kikinyamaza mara tatu mfululizo, kifungwe.

#23 BungomaKwetu (Bungoma)

Nimeweka 600, imetulia. Sasa nachomoa ruta ya maktaba ukutani nione vipindi vitafungwa baada ya muda gani.

#24 NyarSeme (Kisumu)

Ngoja kwanza wanafunzi wamalize CAT, jaribio lao la mtandaoni, saa nane.

#25 BungomaKwetu (Bungoma)

Sawa dada. Saa nane na nusu.